Kula na Kupika Moshi: Mwongozo wa Mlaji Mwenye Jiko Lake

Mwaka wangu wa kwanza Moshi nilikula vibaya, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natoka nyumbani saa tano kwenda kutafuta mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, naambiwa umeisha tangu saa tatu. Nikifika kwa mama lishe saa kumi jioni, nakuta masufuria yameinamishwa yanakauka. Siku nyingine nimekaa baa saa sita mchana nasubiri nyama choma, kumbe mchomaji mwenyewe ndiyo kwanza anapuliza mkaa. Nikawa nasema mji hauna chakula. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kibosho, alinisikiliza wiki nzima nikilalamika, halafu akaniambia: "Baba, chakula kipo. Wewe ndiye unachelewa."

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja, na ndio ninaotaka kukupa wewe uliyehamishiwa Moshi kikazi, uliyekuja chuo, au uliyezaliwa hapahapa lakini unakula chipsi mayai siku saba za wiki. Utaratibu ni huu: chakula kimoja kwa wiki. Ukile mahali kinapopikwa vizuri, kwa saa yake. Uliza kitu kimoja tu kuhusu kinavyopikwa. Nenda sokoni ukanunue vitu vyake. Kipike nyumbani kabla wiki haijaisha, ladha ya kile ulichokula ikiwa bado mdomoni. Ukingoja mwezi, utapika unachodhani ulikula.

Kwanza, jua saa

Asubuhi, kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, ni ya supu na mtori. Supu ya mbuzi, supu ya ng'ombe, utumbo, makongoro. Chapati pembeni, ndimu iliyokatwa, pilipili. Mtori hupikwa sufuria moja kubwa na ukiisha umeisha, hakuna anayepika wa pili. Wanaouwahi ni madereva, wapakiaji mizigo, na watu waliolala wamechelewa. Ukiona bodaboda sita zimeegeshwa mbele ya kibanda saa moja asubuhi, ingia.

Mchana ni wa mama lishe. Chakula kinakuwa kimekamilika saa sita, kinapendeza hadi saa saba na nusu, baada ya hapo unakula mabaki: wali wa ukoko, maharage yaliyobaki mchuzi, nyama imebaki vipande vya mifupa. Fika saa sita kasorobo uone mama anafunua masufuria. Hiyo ndiyo menyu halisi, hata kama ukutani kuna ubao umeandikwa kwa chaki vitu kumi na viwili.

Jioni ni ya moto wa mkaa. Mishkaki, kuku, ndizi za kuchoma, mbuzi. Saa kumi na mbili mkaa umeshika, saa moja usiku ndipo pazuri. Ijumaa mchana, kama unapenda pilau na biriani, tafuta migahawa ya Waislamu iliyo karibu na misikiti ya katikati ya mji. Siku hiyo wanapika kwa heshima zaidi.

Namna ya kula kwa mama lishe ukajifunza

Usikae nje kabisa kwenye kivuli kizuri. Kaa karibu na sufuria. Msalimie vizuri kabla ya kuagiza, "Shikamoo mama" kama umri unaruhusu, na ukijua "aika" ya kusema asante kwa Kichaga, utaona uso unavyobadilika. Agiza kile kinachoelekea kwisha haraka, maana wateja wa kila siku wanajua kuliko wewe. Mimi huangalia mambo matatu: chakula kina moto, maji ya kunawa yanabadilishwa, na kachumbari imekatwa sasa hivi au imelala kwenye beseni tangu asubuhi. Kachumbari ikiwa imelala, naiacha.

Sasa swali. Usimuulize mama mapishi yote. Ukisema "Mama, nifundishe kupika hiki," atakucheka, au atakuambia "weka vitunguu, weka nyanya, basi," ambayo ni kweli na haikusaidii chochote. Uliza kitu kimoja kidogo ambacho kinaonyesha umeonja. "Mama, maharage haya umeunga na karoti?" "Hii ndizi ni mshare au ni ng'ombe?" "Umetia maziwa mwanzo au mwisho?" Mtu akiulizwa swali la namna hiyo hawezi kujizuia. Mimi nilijifunza kuunga dagaa kwa swali moja tu, kwa nini wake hawanuki, na jibu lilikuwa refu kuliko mlo wenyewe. Kwa kifupi: huwatoa vichwa, huwaosha kwa maji ya moto mara mbili, huwakaanga wakauka kabisa ndipo nyanya zifuate.

Ndizi: hapa tukae kidogo

Huwezi kupika chakula cha Moshi bila kujua ndizi, na mtu wa Dar anayesema "ndizi za kupika" kama vile ni kitu kimoja atanunua vibaya siku zote. Soko la Mbuyuni asubuhi kuna akina mama wameketi na mikungu mbele yao, na kila mkungu una kazi yake.

Mshare, wengine husema mchare, ni ndizi ndefu, nyembamba kiasi, yenye pembe unazozisikia ukiishika. Hii ndiyo ya mtori na machalari. Ikiiva motoni inakuwa laini bila kuteleza, na inapondeka vizuri. Ndizi ng'ombe ni fupi, nene, ngumu. Hutumika kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Kichaga, na kuna wanaoipika, lakini usiinunue kwa mtori wako wa kwanza. Mzuzu ni ile kubwa ya kuchoma na kukaanga, nzuri zaidi ikianza kuiva. Kisukari na kimalindi ni za kula mbivu, hizo usizipeleke jikoni. Na kuna za Bukoba, matoke, ambazo watu wa Kagera watakuambia ndizo ndizi pekee duniani. Waache waseme.

Kujua mshare mzuri nilifundishwa na mama muuza ndizi ambaye nilikuwa nimembishia bei. Alichukua ndizi moja, akaikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba, mstari mfupi kama wa kalamu. Baada ya sekunde mbili tatu utomvu ukachuruzika, maji meupe membamba. "Unaona? Inalia. Imekatwa jana." Akachukua nyingine kwenye fungu la jirani yake, kwa sauti ya chini ili mwenzake asisikie, akaikwaruza. Kavu. "Hii ina siku nne. Ukipika itakuwa tamu." Tamu hapa ni tusi. Ndizi ikianza kuiva wanga wake unageuka sukari, na mtori wa ndizi iliyoanza kuiva unakuwa na utamu usioeleweka, kama uji wa mtoto uliotiwa nyama. Nilishapika. Nilikula mwenyewe siku mbili kwa adabu.

Kununua: ukiwa peke yako chukua kichane kimoja, ukiwa na familia chukua viwili. Mkungu mzima ni rahisi zaidi kwa hesabu lakini utaiva kabla hujaumaliza, labda una majirani wa kugawana. Omba nyongeza mwisho, baada ya kulipa. Ukiiomba kabla, inaingizwa kwenye bei. Maharage na mchele utapimiwa kwa sado, lile kopo la rangi lililogeuka kipimo cha Kaskazini nzima; angalia chini ya kopo kama halijabonyezwa kwa ndani, na angalia mkono wa muuzaji unavyojaza, kwa mlima au kwa kusawazisha.

Mtori, hatua kwa hatua

Hiki ndicho chakula cha kuanza nacho. Uchagani ni chakula cha mama aliyejifungua. Anaandaliwa mtori na nyama miezi ile ya kwanza apate nguvu na maziwa. Ndiyo maana ukimpikia mtu mtori, hata mwanaume mwenye ndevu, anajisikia ametunzwa.

Kwa watu wanne tafuta nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo moja, mbavu au kidari, mwambie mwenye bucha hutaki steki. Ndizi mshare kumi na mbili hadi kumi na tano kulingana na ukubwa. Vitunguu maji viwili. Chumvi. Kijiko kikubwa cha samli au siagi. Ndimu. Pilipili mbuzi moja, nzima, isipasuliwe.

Osha nyama, weka kwenye sufuria na maji lita tatu, chumvi kijiko kimoja cha chai, na kitunguu kimoja kilichokatwa mara nne. Ikichemka toa povu lote kwa upawa, usifanye uvivu, povu ndilo linalofanya supu iwe ya kijivu. Punguza moto, funika, iache ichemke polepole saa moja na nusu. Nyama ikitaka kuachia mfupa, iko tayari. Kwenye sufuria ya presha inatosha dakika arobaini, lakini hutaona povu, kwa hiyo litoe kabla ya kufunga kifuniko.

Wakati nyama inachemka, menya ndizi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu nguo. Utomvu ukikauka kwenye shati hautoki, sijaona sabuni ya kuutoa, na mikono inabaki myeusi kama ya fundi gereji. Paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza. Kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, kisha lisukume kwa kidole gumba na kisu kwa pamoja. Mama wa Kibosho anamenya ndizi moja kwa sekunde nne huku anaongea na mtoto. Mimi hadi leo ni nusu dakika. Kila ndizi ukiimenya itumbukize kwenye bakuli la maji palepale. Ukiiacha hewani inakuwa nyeusi, na mtori wako utakuwa na rangi ya lami. Kata vipande vya kama sentimita tatu.

Toa nyama kwenye supu, iweke pembeni. Chuja supu ukitaka, mimi huwa sichuji. Unapaswa kuwa umebakiwa na lita mbili hivi. Zikipungua ongeza maji ya moto, kamwe usitie ya baridi. Tia ndizi, kitunguu cha pili kilichokatwa, na ile pilipili nzima ielee juu. Moto wa kati, nusu saa. Choma kipande kwa uma: ukipenya bila kusukuma, tayari.

Toa pilipili kwanza. Watu wamelia kwa kuisahau.

Halafu kuponda. Hapa usitumie blenda. Blenda inazifanya ndizi zivutike kama gundi, na mtori uliotoka kwenye blenda unautambua kwa macho tu, unang'aa. Punguza supu kidogo kwenye bakuli, ponda ndizi kwa mwiko ukizisukuma kwenye ukuta wa sufuria, kisha rudisha supu kidogo kidogo ukikoroga hadi ufikie uzito unaoupenda. Mtori wa mkahawa ni mwepesi maana unanywewa kwenye bakuli na chapati. Wa nyumbani ni mzito, kijiko kinakaribia kusimama. Acha vipande vichache visipondeke kabisa, mtu akutane navyo. Rudisha nyama uliyoichambua kwenye mifupa, tia samli, onja chumvi, uache dakika tano kwenye moto mdogo. Ndimu kila mtu akamulie kwenye bakuli lake.

Kuhusu nyanya na karoti. Kuna wanaotia, na migahawa mingi ya mjini hutia, mtori unakuwa na rangi ya chungwa. Mama wa Kibosho alipoona nimetia nyanya aliuliza kwa upole kama hiyo ni rosti. Sijatia tena. Nazi nayo usilete hapa, hiyo ni ya pwani, ndizi za nazi ni chakula kingine kizuri lakini siyo hiki.

Ukishaweza mtori, hivi viwili ni vyepesi

Machalari ni ndugu yake: nyama ileile, ndizi zilezile, ila ndizi hazipondwi. Zikate mara mbili tu, na hapa nyanya na kitunguu vinaruhusiwa. Kaanga kitunguu, tia nyanya ziive, tia nyama iliyochemshwa na supu yake, panga ndizi juu, funika. Usikoroge, tikisa sufuria. Mchuzi ukibaki mzito chini na ndizi zimevaa rangi, epua.

Kiburu ni ndizi na maharage, bila nyama, na ndani yake kuna magadi. Nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha, yachemshe hadi yaive kabisa, tia ndizi kumi zilizokatwa, chumvi, na magadi robo kijiko cha chai yaliyoyeyushwa kwenye maji na kuchujwa. Vikiiva vyote ponda kidogo, nusu laini nusu vipande. Nasisitiza robo. Mara ya kwanza nilitia kijiko kizima, nikidhani magadi ni kama chumvi, kiburu kikatoka na ladha ya sabuni ya kipande na rangi ya udongo. Mbwa wa jirani alinusa akaondoka. Ukipikia juu, Marangu au Kibosho, maharage yatachelewa kuiva kuliko mjini kwa sababu maji huchemka kwa joto la chini kidogo kadiri unavyopanda mlima; ongeza nusu saa, usiongeze magadi. Kiburu kizuri kinaliwa na maziwa mgando, na hapo huhitaji kingine.

Nyama choma bila kupigwa

Kwanza, kama hufahamu: ukiambiwa "mbuzi katoliki" au "kitimoto" huyo ni nguruwe. Moshi anapendwa sana, hukaangwa au huchomwa na ndizi, na sehemu zake huwa zinajulikana. Usipokula, uliza kabla ya kukaa, hasa kama jiko ni moja kwa nyama zote mbili. Hakuna atakayekasirika.

Kwa mbuzi au ng'ombe, usiagize ukiwa umekaa mezani. Inuka uende kwenye bucha la baa, pale nyama imening'inia. Chagua mwenyewe: mbavu kwa anayependa kutafuna na mafuta, paja kwa anayetaka nyama, mkono wa mbuzi ndio ninaoupenda mimi maana una vyote. Simama kwenye mizani. Bei ni ya kilo ya nyama mbichi, na ikichomwa itasinyaa, kwa hiyo usigombane baadaye kwamba kilo yako imekuwa ndogo. Gombana kabla, kwa kuangalia mshale unaanza kwenye sifuri. Kilo moja yenye mifupa ni ya watu wawili wenye njaa au watatu wenye maongezi. Baada ya kupima, itambue nyama yako. Rafiki yangu hufunga uzi kwenye mfupa. Tulimcheka hadi siku tuliyoletewa mbavu za mbuzi mzee wakati tulichagua paja, na muhudumu akaapa kwa miungu yote kwamba ndiyo yetu.

Mwambie mchomaji unavyoitaka: ikauke, au ibaki na maji. Halafu mwache. Mbuzi mzuri anataka saa moja au zaidi, na anayekuletea kwa dakika ishirini amekuchomea nje tu. Agiza ndizi za kuchoma wakati huohuo ili vifike pamoja. Nyama italetwa kwenye ubao, itakatwa mbele yako, na chumvi, ndimu na pilipili pembeni. Nawa, kula kwa mkono.

Nyumbani kwenye jiko la mkaa, siri ni kungoja. Washa mkaa, usiweke nyama hadi moto wa kuwaka uishe na makaa yavae majivu meupe. Mbavu za mbuzi zipanguse maji, weka upande wa mfupa chini kwanza, nusu saa, ndipo ugeuze. Chumvi usiipake kavu; yeyusha vijiko viwili vya chai kwenye kikombe cha maji, kamulia ndimu, uwe unanyunyizia kwa tawi au kwa mkono kila ukigeuza. Mafuta yakidondoka na moto ukapanda, sogeza nyama, usiumwagie maji, majivu yataruka yakae juu ya chakula. Mshare mbichi uliomenywa uweke pembeni mwa wavu ambako moto ni mpole, ugeuze ugeuze hadi uwe wa dhahabu na ukigonga unasikika mkavu. Utoe, ugonge kidogo kwa mwiko upasuke, paka siagi. Kachumbari yake: nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbuzi, ndimu, na ukipenda parachichi.

Ukipata safari ya Arusha, kilomita themanini tu hivi, kuna eneo la Kwa Mrombo ambako watu huenda kwa ajili ya choma tu. Na ukiwa huko ulizia loshoro ya Waarusha, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Ni ya ubaridi na uchachu, mtu asiyeizoea hushtuka kijiko cha kwanza, cha tatu ananyamaza.

Ukialikwa nyumbani kwa watu

Kuna vyakula huvipati kwa fedha. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa anayeletwa ukumbini na majani mdomoni, utamkuta kwenye harusi na sherehe za kumuaga binti. Kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, hupikwa mbuzi anapochinjwa, na mara nyingi utakiona Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi na mabasi ya Dar yanajaa. Mbuzi akichinjwa uchagani vipande vina wenyewe kwa heshima na undugu. Usinyooshe mkono kuchagua. Subiri upewe, na ulichopewa ndicho chako.

Mbege nayo utakunywa huko, kwenye kata ya kibuyu. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa saa nyingi zikaachwa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewa. Ya siku hiyo ni nzito na ina utamu kidogo, ya kesho yake imekomaa na inapanda kichwani. Usijaribu kuipika nyumbani. Inahitaji siku kadhaa, pipa, na mtu aliyeipika tangu utotoni.

Vitu vya kuweka ndani

Mchele wa Mabogini na Chekereni, kwenye mashamba ya umwagiliaji chini ya mji, uwe nao daima. Upepete kwa ungo na uuchambue, mawe hayakosekani. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, akiwa mbichi mkaange siku hiyohiyo, akiwa amekaushwa mloweke kwanza kwa maji ya moto kabla ya kumuunga. Kahawa: Moshi ndipo mnada wa kahawa na Bodi ya Kahawa vilipo, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianza kuuza kahawa ya wakulima wa mlimani miaka ya 1930, na bado nyumba nyingi hapa asubuhi wanakunywa chai ya maziwa. Kahawa ya kijiweni, ile chungu ya kwenye birika juu ya makaa, iende na kashata. Ya nyumbani omba kahawa kavu iliyokobolewa kwa mtu mwenye shamba, ikaange kwenye kikaango kikavu ukikoroga bila kupumzika kwa dakika kumi na tano hivi, itapasuka kama bisi ndogo. Ikifika rangi ya chokoleti imwage kwenye ungo ipoe haraka, maana itaendelea kujiunguza yenyewe.

Ndizi usiziweke kwenye friji, ganda linakuwa jeusi. Zitundike jikoni penye kivuli, mbali na ndizi mbivu na maparachichi, maana vinavyoiva huivisha vingine. Mtori ukibaki, kesho asubuhi utaukuta umeganda kama ugali. Utie kikombe cha maji ya moto au maziwa, ukoroge kwenye moto mdogo, onja chumvi tena. Mimi huupenda huo wa kesho kuliko wa leo. Bakuli moja hupeleka kwa mama wa Kibosho kabla ya saa mbili, na analirudisha jioni likiwa na maparachichi ndani, pamoja na maneno mawili matatu kuhusu chumvi.